Jasper Maskelyne: Bingwa wa mazingaombwe wa London aliyemalizia maisha Kenya

Na Mwandishi Wetu, Arusha

KWA mkazi wa Levolosi, Kaloleni au Ngarenaro aliyesoma shule ya msingi hapa Arusha, neno mazingaombwe halihitaji maelezo marefu. Ni ile siku mgeni mwenye begi jeusi anapofika shuleni, wanafunzi wanatoa kiingilio kidogo, na mbele ya macho yao vipande vya karatasi vinageuka noti na leso moja inavuta nyingine kumi kutoka mdomoni.

Wachache wanafahamu kuwa mmoja wa mabingwa wa sanaa hiyo katika karne ya 20, mtu aliyepata kujaza kumbi za London na ambaye baadaye ilidaiwa kuwa aliuficha Mfereji wa Suez usionekane na ndege za adui, alimalizia maisha yake jirani kabisa na sisi, nchini Kenya, akiendesha shule ya udereva jijini Nairobi. Ni safari isiyofika kilomita 300 kwa barabara ya Namanga.

Huyo ni Jasper Maskelyne, aliyefariki dunia mwaka 1973. Hadi leo jina lake linatajwa katika vitabu na vipindi vya televisheni vinavyohusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mara nyingi kwa sifa ambazo wachunguzi wa nyaraka wamezitilia shaka kubwa.

Maisha yake hayaeleweki bila kwanza kuwafahamu babu yake na baba yake, kwani Jasper alizaliwa ndani ya ukoo ambao mazingaombwe yalikuwa kazi, urithi na, kwa namna fulani, suala la heshima.

Fundi saa aliyewaumbua waongo

Babu yake, John Nevil Maskelyne, alizaliwa mwaka 1839 katika mji wa Cheltenham, Uingereza, na kujifunza ufundi wa saa. Mwaka 1865 walifika katika mji huo ndugu wawili kutoka Marekani, akina Davenport, waliokuwa wakivuma kwa madai kwamba roho za wafu huwatumikia.

Ndugu hao walifungwa kamba ndani ya kabati kubwa lililojaa ala za muziki. Taa zilipozimwa na milango kufungwa, kengele zililia na magitaa yakapigwa, na watazamaji wengi waliondoka wakiamini kuwa wafu wamezungumza.

Kijana huyo fundi saa alikuwa miongoni mwa watazamaji. Mwanga kidogo ulipenya kwa bahati, naye akaona mkono wa mmoja wa ndugu hao ukiwa umefunguka, ukirusha ala hizo. Alisimama na kutangaza hadharani kuwa yeye anaweza kufanya yote yale bila msaada wa roho yoyote.

Hakuishia kwenye maneno. Akishirikiana na rafiki yake seremala, George Cooke, alitengeneza kabati lake na katika mwaka huohuo akaonyesha mchezo uleule, huku akiwaambia watu waziwazi kuwa ni ustadi wa mikono na kamba.

Kutoka hapo alijipatia umaarufu mkubwa. Kuanzia mwaka 1873 hadi 1904, Maskelyne na Cooke walifanya maonyesho yao katika ukumbi wa Egyptian Hall, mtaa wa Piccadilly, London. Watu walikwenda kumtazama mwanasesere wa mashine aliyeitwa Psycho akicheza karata, na kushuhudia mtu akielea hewani pasipo kamba inayoonekana.

Mwaka 1905 onyesho lilihamia ukumbi wa St George's Hall. Mwaka huohuo, kundi la wanamazingaombwe walikutana katika mgahawa mmoja wa London na kuanzisha chama kilichoitwa The Magic Circle, ambacho kilikuja kuwa chama mashuhuri kuliko vyote vya fani hiyo duniani.

Rais wa kwanza wa chama hicho alikuwa David Devant, mshirika wa kibiashara wa akina Maskelyne. Wa pili, kuanzia mwaka 1906 hadi alipofariki mwaka 1924, alikuwa Nevil Maskelyne, baba yake Jasper.

Kaulimbiu ya chama hicho, iliyoandikwa kwa Kilatini, inamtaka mwanachama asiwe mwepesi wa kutoboa siri. Mwanachama aliyefichua mbinu mbele ya umma aliweza kufukuzwa, na Devant mwenyewe hakusalimika na adhabu hiyo. Wanawake nao walisubiri hadi mwaka 1991 ndipo wakaruhusiwa kujiunga.

Hata hivyo, kulikuwa na mpaka uliochorwa waziwazi. Kuficha mbinu ya mchezo ni haki ya msanii, lakini kumwambia mtazamaji kuwa mchezo ni nguvu za mizimu ni utapeli. Ndiyo maana mwaka 1914 mzee John Nevil alianzisha kamati ndani ya chama hicho iliyokuwa na kazi ya kuwachunguza na kuwaumbua watu waliodai kuwa na uwezo usio wa kawaida.

Kwa msomaji wa Tanzania, mpaka huo si jambo la mbali. Nchi yetu imekuwa na Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na mwezi Januari mwaka 2009 Serikali ililazimika kufuta leseni za waganga wa jadi kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Kati ya anayetoa sarafu sikioni mwa mtoto ili watu wacheke, na anayemwaminisha maskini kuwa kiungo cha binadamu mwenzake kitamtajirisha, tofauti ni kwamba wa kwanza hataki uamini.

Nevil naye alirithi tabia ya babaye ya kuwachokoza wenye majigambo. Mwezi Juni mwaka 1903, wakati mwanasayansi John Ambrose Fleming alipokuwa akiwaonyesha wasomi wa London jinsi simu ya upepo ya Guglielmo Marconi ilivyo salama, Nevil alirusha mawimbi yake mwenyewe na kuingiza maneno ya kejeli kwenye mtambo. Wapo wanaomtaja leo kama mdukuzi wa kwanza wa mawasiliano ya aina hiyo.

Mrithi wa jukwaa linalozama

Jasper Maskelyne alizaliwa London Septemba 29, 1902. Alikulia nyuma ya pazia, kati ya masanduku yenye milango ya siri na vioo vilivyopangwa kwa hesabu, na alipofikia utu uzima alikuwa tayari msanii kamili.

Alikuwa mrefu, mtanashati, mwenye masharubu membamba na mavazi ya usiku yaliyomkaa vyema. Filamu fupi ya mwaka 1937, ambayo imehifadhiwa hadi leo, inamwonyesha akimeza nyembe moja baada ya nyingine kwa utulivu, kisha akizitoa mdomoni zikiwa zimetungwa kwenye uzi.

Lakini nyakati zilikuwa zinabadilika. Kwa kejeli ya historia, ukumbi wa babu yake ulikuwa miongoni mwa kumbi za kwanza London kuonyesha sinema, mwaka 1896, na sinema hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuwanyang'anya wanamazingaombwe watazamaji wao. Mwaka 1933, St George's Hall iliingia mikononi mwa Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, na ukoo ukabaki bila makao.

Jasper aliendelea kuzunguka katika kumbi za wengine. Mwaka 1936 alichapisha kitabu cha kuwafundisha wanaoanza, na jina la Maskelyne bado lilivuta watu. Hata hivyo, hakuwa tena mwenye nyumba, bali mpangaji katika sanaa ambayo babu yake aliijengea kasri.

Vitani Misri

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipopamba moto, Jasper, akiwa na umri wa miaka 38 hivi, alijiunga na kikosi cha wahandisi cha Jeshi la Uingereza mwaka 1940. Alipelekwa katika kituo cha mafunzo ya kuficha zana za kivita kilichokuwa kwenye ngome ya Farnham, ambako alikutana na wachoraji, wasanifu na wataalamu wa wanyama waliokuwa wakijifunza kazi hiyohiyo.

Haikuwa mara ya kwanza kwa dola kumtafuta mwanamazingaombwe. Mwaka 1856, Ufaransa ilimpeleka bingwa wake, Jean-Eugène Robert-Houdin, nchini Algeria ili awaonyeshe wenyeji kuwa Wafaransa wana nguvu kuliko viongozi wao wa kidini. Moja ya mbinu zake ilikuwa kasha jepesi ambalo ghafla lilishindikana kuinuliwa na mwanamume mwenye nguvu, kwa sababu ya sumaku iliyofichwa chini ya jukwaa.

Mwaka 1941 Jasper alikuwa Misri. Huko alipewa kuongoza kitengo kidogo cha majaribio ya kuficha zana kilichokuwa Abbassia, jijini Cairo, na pia alifanya kazi na idara iliyowaandaa askari kutoroka endapo wangetekwa.

Kazi hiyo ya pili inaelekea ndiyo iliyomfaa zaidi. Alizunguka kambini akiwahutubia askari na marubani namna ya kuponyoka mikononi mwa adui, na alibuni vifaa vidogo vya kutorokea vilivyofichwa ndani ya vitu vya kawaida. Mtu aliyezoea kuficha kitu mkononi mbele ya macho elfu moja alikuwa mwalimu sahihi.

Kitengo cha Abbassia hakikudumu. Kufikia Februari 1942 ilionekana wazi kuwa hakijaleta matunda yaliyotarajiwa, na Jasper akahamishiwa idara ya ustawi wa askari, maana yake akarudi kwenye kazi ya kuwaburudisha wapiganaji kwa mazingaombwe.

Hadaa ya El Alamein

Miezi michache baadaye, hadaa kubwa kuliko zote za vita ya jangwani ilifanyika bila yeye kuwa na nafasi ya maana ndani yake. Ilipewa jina la Operesheni Bertram, na iliongozwa na Geoffrey Barkas, mtengeneza filamu, akisaidiwa na mchoraji Tony Ayrton.

Kusudi lilikuwa kumfanya Erwin Rommel na maofisa wake waamini kuwa mashambulizi ya Waingereza pale El Alamein yangetokea kusini, wakati yalipangwa kutokea kaskazini. Vifaru halisi vilivalishwa maturubai vikaonekana malori, na mahali vilikotoka vikaachwa vifaru bandia.

Upande wa kusini ulichimbwa mtaro mrefu na kando yake kulazwa bomba la maji la uongo, lililotengenezwa kwa madebe matupu ya petroli. Marubani wa adui walipolitazama jinsi lilivyokuwa likisonga siku hadi siku, walipiga hesabu ya tarehe litakapokamilika na kudhani kuwa kabla ya hapo hakuna shambulio.

Shambulio lilianza usiku wa Oktoba 23, 1942, upande wa kaskazini. Baada ya ushindi, Waziri Mkuu Winston Churchill alilieleza Bunge la Uingereza juu ya mchango wa hadaa hiyo. Katika majina yaliyostahili pongezi, la Jasper halikuwa la mbele.

Inafaa kukumbuka pia kuwa nyuma ya jeshi la Uingereza kule Mashariki ya Kati walikuwapo maelfu ya vijana kutoka Tanganyika, Kenya na Uganda, waliochukuliwa kuwa askari wa kazi za mikono. Walichimba, walipakua na walijenga. Majina yao hayamo katika vitabu vya mashujaa wa mazingaombwe.

Kitabu kilichomgeuza shujaa

Mwaka 1949 kilitoka kitabu kwa jina la Jasper Maskelyne, Magic: Top Secret, kilichoandikwa kwa msaada wa mwandishi mwingine. Humo msomaji anakutana na mtu tofauti kabisa na yule aliyerudishwa kwenye idara ya burudani.

Katika simulizi hiyo, Jasper na kundi lake dogo la mafundi waliihamisha bandari ya Alexandria kwa kujenga taa na majengo ya bandia katika ghuba ya jirani, hata ndege za Ujerumani zikapiga mabomu mahali patupu. Kisha waliuficha Mfereji wa Suez kwa taa kubwa za kumulika zenye vioo vilivyozunguka, zikawatia marubani upofu.

Mwaka 1983 mwandishi David Fisher aliichukua hadithi hiyo na kuipamba zaidi katika kitabu kilichouzwa sana, na kutoka hapo ikawa ukweli unaorudiwa na magazeti na televisheni.

Baadaye mwanamazingaombwe na mtafiti Richard Stokes alipitia kumbukumbu za vita hiyo, akilinganisha madai na nyaraka. Hakupata ushahidi kwamba bandari ya Alexandria ilihamishwa na Jasper, wala kwamba taa za Suez zilivuka hatua ya majaribio.

Wapo wanahistoria wanaomtetea kwa kiasi. Wanaeleza kuwa Dudley Clarke, mkuu wa idara ya siri ya udanganyifu wa kivita jijini Cairo, aliona faida kuacha jina la mwanamazingaombwe maarufu livume. Liliwapa makamanda imani na mbinu hizo, na liliwaficha wabunifu halisi.

Kama ndivyo, basi Jasper alitumika jinsi msaidizi mrembo anavyotumika jukwaani, ambaye watu wote humtazama yeye wakati kazi inafanyika upande mwingine. Ulikuwa utumishi halali wakati wa vita. Tatizo ni kuwa vita ilipokwisha, pazia halikufunguliwa.

Babu alikuwa akimwambia mtazamaji kabla ya onyesho kuwa anachokwenda kukiona si kweli. Kitabu cha mjukuu hakikumwambia msomaji neno hilo. Na hasara haikuwa ya msomaji pekee, kwa kuwa kila sifa iliyopewa kundi lake ilipunguzwa kutoka kwa Barkas, Ayrton na wengine waliofanya kazi yenyewe, ambao majina yao yanajulikana na wachache.

Miaka ya Kenya

Amani haikumrudishia Jasper jukwaa lake. Kumbi za burudani Uingereza zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine, na televisheni ilikuwa inabisha hodi. Mkewe wa kwanza alifariki mwaka 1947, naye akaoa tena mwaka uliofuata.

Ndipo akafunga safari kuja Afrika Mashariki, kama walivyofanya askari wengi wa zamani wa Uingereza waliohamia Kenya katika miaka hiyo. Alikuja katika nchi iliyokuwa ikiwaka chini kwa chini. Mwezi Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita ya Mau Mau, na haikuiondoa hadi mwaka 1960.

Nairobi, mtu aliyekuwa akifanya mazingaombwe mbele ya watu wa London alifungua shule ya udereva. Pengine hakuna kazi iliyo mbali zaidi na mazingaombwe, kwani mwalimu wa udereva humtaka mwanafunzi aone kila kilicho mbele yake jinsi kilivyo, wakati mwanamazingaombwe hula kwa kumfanya mtu atazame kwingine.

Aliiona bendera ya Uingereza ikishushwa Desemba 12, 1963, na hakuondoka. Aliendelea kuishi Kenya huru kwa karibu miaka kumi hadi alipofariki mwezi Machi 1973, akiwa na umri wa miaka 70. Kitabu cha Fisher kilichomgeuza kuwa shujaa wa dunia kilitoka miaka kumi baada ya kifo chake.

Maskelyne wa kweli hahitaji kuhamisha bandari ili akumbukwe. Alikuwa msanii hodari, mwalimu aliyewafundisha askari kutoroka, na fundi ambaye mwaka 1941 alitengeneza sampuli ya kwanza ya ganda la kukigeuza kifaru kionekane lori. Sampuli hiyo ilikuwa ya mbao, nzito kiasi kwamba walihitajika wanaume 12 kuiinua.

Wenzake waliiboresha kwa turubai na mabomba mepesi ya chuma, na hiyo iliyoboreshwa ndiyo iliyovificha vifaru vya El Alamein. Jina la kifaa hicho, Sunshield, lilikuwa la Jasper. Ni mchango mdogo kuliko ule wa hadithi, lakini huo umo katika nyaraka, na hakuna anayeweza kuupinga.